Usitie Saini Kabla Hujanisomea

Assalaamu alaykum mwanangu,

Mama yako kanambia boti yako ya kwenda Dar ni ya Ijumaa asubuhi na begi umeshalifunga. Begi halinishughulishi. Linaloninyima usingizi ni ule mkataba wa watu wa shindano la televisheni ulionionesha juzi kwenye simu, kurasa nyingi za Kiingereza, nawe umeshauteremsha mpaka chini penye mstari wa saini. Usitie saini kabla hujanisomea. Nisomee kifungu kimoja kimoja, hata ikiwa ni kwa simu, hata ikiwa wamekuzunguka wanakwambia muda umekwisha.

Utasema baba hapendi mashindano. Sivyo. Kipindi kile kinatazamwa na watu ambao klabu yetu ya taarab haitawafikia kamwe, na wewe unastahili kutazamwa. Lakini kipindi kinakula sura na sauti za washiriki, ndivyo kilivyo, na makubaliano yote yamo kwenye karatasi ile. Tafuta wameandika watakusimamia miaka mingapi na watachukua sehemu gani ya malipo yako ya nje. Tafuta kama utaruhusiwa kupiga fidla na klabu mkataba ukiwa hai. Ukikuta wameandika haki zote, dunia nzima, milele, waulize wewe umebakishiwa nini, na usubiri wakujibu kwa maandishi.

Ule wimbo wako wa makamu ya hijazi, ule mpangilio wa sauti wa Kiarabu, ni mali. Sheria ya Bara ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake hata wajukuu zako wana chao humo. Na hapo ambapo unapiga tu wimbo wa mwingine, bado upigaji wako una haki yake, ndiyo hiyo hakishiriki. Saini moja ya haraka inaweza kuyatoa yote. Nilikwambia uende COSOZA, chama cha hakimiliki cha hapa Zanzibar, ukausajili wimbo, ukasema kesho, na hiyo kesho mpaka leo haijafika. Nenda Alkhamisi kabla hujasafiri.

Wale wa mradi wa urithi nao wamerudi kwa bibi yako wanataka kumrekodi nyimbo za unyago. Ni watu wa adabu, na kazi yao naiheshimu. Siti binti Saad, yule mwimbaji wetu wa taarab, alitoka Fumba akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akafariki 1950, na sauti yake tunayo. Bila zile santuri tungebaki na sifa zake tu. Ila nao wana karatasi yao, na bibi yako alikuwa tayari kuweka dole gumba. Nimeizuia mpaka waandike rikodi zitahifadhiwa wapi, nani ataruhusiwa kuziuza, na kwamba nakala moja itabaki hapa nyumbani. Watu wakitaja urithi sisi tunalegea, tunadhani jina lenyewe linatosha kulinda kitu. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na sehemu ya Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, ikaanguka humo humo, tarehe 25 Desemba 2020.

Kuhusu chuo, fomu ya TaSUBa, ile Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, bado nimeiweka. Najua Bagamoyo unaiona mbali na taa za Dar, lakini pale wanafundisha sanaa kama kazi tangu 1981, na stashahada utakayoipata hakuna jaji wa kipindi atakayekuvua. Kwenye klabu wengi wetu tumepiga usiku, na mchana tukaenda kwenye kazi nyingine. Klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, na jina hilo limebebwa na makarani, mafundi na wafanyabiashara waliokuja na vyombo vyao baada ya magharibi. Tuzo za ukumbini, zile fedha wanazotutunza watazamaji, ni za klabu. Sikutaki uishi hivyo ikiwa njia nyingine ipo, na kwa mkono wako ule ipo. Ulipopiga Ngome Kongwe nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, hukuniona. Taksimu yako, ule upigaji wa peke yako usioandikwa, ilimnyamazisha hata mzee ambaye hajawahi kumsifu kijana yeyote mbele yangu.

Basi, karatasi. Binti wa shangazi yako amesomea sheria, yuko Kariakoo, nimeshampigia. Mpe mkataba aupitie kwanza, halafu mnipigie nyote wawili. Wakikwambia mwenzako ameshatia saini na nafasi inapotea, mwache mwenzako.

Hapa nyumbani paa la jikoni limevuja tena upande wa pipa. Fundi anataka mabati mawili na misumari, nitamlipa mwisho wa mwezi. Dawa za presha za bibi zimebaki za wiki moja, na hapa dukani zile alizozoea hakuna, ziangalie Dar. Ndugu yako kaacha taa ya uani ikiwaka usiku kucha, yuniti za umeme za Tukuza zimekwisha, ndiyo maana simu yangu ilikuwa imezimwa ulipopiga. Leo inachajiwa kwa jirani, na itakuwa wazi Ijumaa yote na Jumamosi yote.

Shangazi atakupokea bandarini. Mama yako amenunua halua ya kumpelekea, usiisahau juu ya friji.

Baba yako