Rasimu za karafuu, kabla ya Jumamosi

Assalaam aleikum wanakikundi. Nimezisoma rasimu zote za mada ya karafuu. Nyingi zinataka ukiritimba wa ZSTC (shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar) katika kununua karafuu za wakulima uondoke, na karibu zote zimeegemea makala ile ile moja. Hoja ya namna hiyo mtahini anaiangusha kwa swali moja tu.

Tafuteni takwimu za mauzo, isomeni sheria yenyewe, kaeni na mkulima. Magazeti matatu yakinukuu taarifa moja, hicho bado ni chanzo kimoja.

Upande wa pili nao muuandike kwa nguvu zake zote, kama anavyousema anayeuamini. Anayetetea ukiritimba atakwambia bei ya Serikali humkinga mkulima pale soko la dunia linapoporomoka. Mjibuni hapo hapo: wapi yuko sawa, wapi kapotea? Na magendo ya karafuu kuvushwa kwenda Kenya yanasema nini kuhusu bei hiyo? Kuandika "wengine wanapinga" halafu ukapita, huo ni uvivu (mnisamehe, lakini ndivyo).

Jumamosi saa 4 asubuhi, Chake Chake, pale pale. Kila mmoja aje na aya moja ya kujipinga mwenyewe. Asiye na bando la kupakua, aje na flashi.