Notisi za mnada ziandikwe kwa Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililomgharimu shemeji yangu nyumba yake hapa Malindi, nikiamini kwamba wako wengine walio katika hali kama yake.

Shemeji yangu ana mashua ya kupeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari. Mapato yake huja na kaskazi, yakakatika masika yanapoanza na bahari kuchafuka, lakini marejesho ya mkopo hudaiwa kila mwezi, wageni wawepo wasiwepo. Mwezi wa kwanza aliokosa kulipa alinyamaza, na kufikia wa tatu alikuwa hapokei simu za benki. Siku aliponiita, dalali alikuwa amekwisha kubandika tangazo la mnada langoni, na chini ya godoro nikakuta bahasha nne, tatu kati yake hazijafunguliwa. Katika ile iliyofunguliwa, kurasa mbili za Kiingereza cha mawakili, alikuwa ameizungushia kalamu tarakimu ya deni tu, kwani ndiyo peke yake aliyoielewa.

Nilizisoma usiku ule kwa uchungu mkubwa, kwa kuwa kila moja ilikuwa imempa muda. Kifungu cha 90 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinaitaka benki impe mdeni notisi yenye muda usiopungua miezi mitatu wa kulipa malimbikizo, na imjulishe kwamba anayo haki ya kuomba nafuu mahakamani. Muda huo ukipita ndipo hufuata notisi ya kuuza, ya siku zisizopungua 40, kisha dalali naye hutoa siku 45 za kuikomboa nyumba. Dada yangu, ambaye ridhaa yake ilihitajika ili nyumba ya ndoa iwekwe rehani, alistahili nakala yake ya notisi ya kuuza, na nakala hiyo ilikuwa miongoni mwa zile tatu.

Nyumba iliuzwa, nao sasa wamepanga vyumba viwili Maweni. Wengi hudhani kwamba mnada humaliza deni, na hilo si kweli hata kidogo: bei isipotosha, salio hubaki juu ya mkopaji na benki yaweza kumshtaki alilipe, ingawa ikizidi deni pamoja na gharama, kinachobaki ni chake. Jina lake hupelekwa kwenye taasisi za kumbukumbu za mikopo, na rekodi hiyo mbaya huweza kubaki huko kwa miaka mitano hata baada ya deni kulipwa. Ipo kinga moja ambayo wadeni wachache wanaifahamu. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki huzuia riba ya mkopo uliokwama isizidi deni la msingi lililokuwapo siku mkopo ulipokwama, kwa hiyo anayedaiwa kiasi kinachoonekana kuongezeka bila kikomo ana sababu ya kuomba hesabu kamili kwa maandishi.

Simtetei shemeji yangu kwa kunyamaza. Angekwenda benki ule mwezi wa kwanza, na kitabu chake cha safari mkononi, angeweza kuomba marejesho yapangwe upya yafuate msimu, na ombi kama hilo husikilizwa kwa urahisi zaidi kabla faili halijafika kwa wakili. Lakini Ibara ya 7 ya Katiba yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Naziomba benki ziambatanishe na kila notisi ukurasa mmoja wa Kiswahili utakaotaja kiasi cha malimbikizo, tarehe ya mwisho ya kulipa, haki ya kwenda mahakamani na jina la ofisa wa kuonana naye. Matangazo ya mikopo yenyewe, yale ya kutuvuta tukakope, tayari wanatuandikia kwa Kiswahili.

Mwalimu mstaafu,
Shela, Malindi