Barua ya wazi kwa vijana wanaosifia orodha ya Novemba 1974

Wanangu,

Juzi niliwasikia mkibishana kuhusu Ethiopia. Mmoja wenu, tena msomi, akasema Derg, ile kamati ya wanajeshi iliyompindua mfalme, walikosea mengi lakini si ule usiku wa Novemba 1974 walipowapiga risasi wakubwa wa utawala wa zamani bila kesi. "Orodha, risasi, asubuhi nchi mpya." Mkacheka, mkampigia makofi. Nilinyamaza kwa kuwa palikuwa na wageni. Leo wageni hawapo.

Sijaja kuwalilia wafalme. Mwaka 1973 makumi ya maelfu ya watu walikufa njaa Wollo, kaskazini mwa Ethiopia, na serikali ya Mfalme Haile Selassie ikajitahidi dunia isijue. Mkulima alilima shamba la bwana, akavuna, akapeleka sehemu kubwa kwa bwana. Wanafunzi walioandamana Addis Ababa wakidai ardhi iende kwa mkulima walikuwa na haki yote. Mzee yule alipotolewa ikulu Septemba 12, 1974, akaingizwa nyuma ya Volkswagen ndogo, watu walishangilia barabarani, nami siwalaumu. Wanajeshi wenyewe walijigamba kuwa Ethiopia inasonga mbele bila kumwaga damu. Hapo ndipo wangestahili makofi yenu.

Sasa Novemba 23. Wengi wa waliopigwa risasi usiku ule hawakukamatwa na bunduki mkononi. Majina yao yalisomwa redioni wakitakiwa wajisalimishe, wakaenda kwa miguu yao. Hebu tulieni hapo kidogo. Mtu anasikia jina lake redioni, anavaa koti, anaagana na mkewe, anakwenda kujikabidhi, kwa sababu anaamini huko mbele kuna kesi. Tena tume ya uchunguzi ilikuwa imeshaundwa na ilikuwa kazini! Walikuwamo mawaziri wakuu wawili wa zamani, Aklilu Habte-Wold na Endalkachew Makonnen. Alikuwamo Iskinder Desta, mjukuu wa mfalme. Pengine wengine wao walikuwa na hatia ya kuwafunga maisha. Nani atatuambia? Maofisa walikaa wakawajadili, wakaamua, na watu wapatao 60 wakauawa na kufukiwa kaburi moja palepale gerezani. Hapakuwa na wakili wala shahidi. Waliouawa na hatia na waliouawa bila hatia wamechanganywa mpaka leo, na waliowachanganya ni hao Derg mnaowasifia.

Mnasahau pia kwamba usiku uleule alikufa Jenerali Aman Andom. Huyu hakuwa mtu wa mfalme. Alikuwa mwenyekiti wao! Ndiye waliyemtanguliza mbele ili wananchi wawaamini. Alipinga kuongeza majeshi Eritrea, akapinga na mauaji ya wafungwa. Wakamfuata nyumbani kwake na silaha nzito, akafia huko. Kwa hiyo orodha haikumaliza hata usiku mmoja bila kumla mwenye nyumba.

Haikuishia hapo. Tafari Benti akarithi kiti cha Aman. Februari 1977 akauawa na wenzake kadhaa kwa amri ya wenzao wa Derg. Atnafu Abate, makamu mwenyekiti, akafuata Novemba mwaka huohuo. Na Meison, kile chama cha wasomi wa mrengo wa kushoto? Hawa ndio wanaonikera zaidi, kwa sababu wanafanana na nyinyi: wasomi, vitabu kwapani, maneno matamu. Waliunga mkono Derg na kushiriki kuwasaka wenzao wa EPRP, chama kingine cha mrengo wa kushoto kilichoipinga Derg, wakiamini kwamba zamu yao haiji. Mwaka 1977 ikaja. Kiongozi wao, Haile Fida, alikamatwa na hatimaye akauawa. Mkimsoma mtu huyo, msimsome kwa kejeli. Someni jinsi alivyokuwa na uhakika.

Wakati huo Mengistu, kiongozi wa Derg, alikuwa ameshasimama uwanjani Addis Ababa, Aprili 1977, akivunja chupa zilizojaa kitu chekundu mbele ya umati, kuashiria damu ya maadui wa mapinduzi. Maiti za vijana zikalazwa barabarani zikiwa na maandishi vifuani. Zipo familia zilizolipishwa risasi iliyomuua mtoto wao ndipo zikabidhiwe mwili. Watoto wa shule, wanangu. Wale waliokuwa wakiandamana kwa ajili ya mkulima.

Na mkulima mwenyewe? Septemba 1984 Derg waliadhimisha miaka 10 ya mapinduzi kwa magwaride na mapambo, huku njaa ikiua tena kaskazini na habari zikifichwa tena.

Mengine nayataja tu. Mtake kesi ya wazi hata kwa mnayemchukia. Msimwamini mwenye bunduki kwa sababu anajua kuhutubia. Wake na mabinti wa wakubwa si washtakiwa. Wale wanawake wa ukoo wa Haile Selassie walikaa kifungoni hadi 1988, kosa lao kuzaliwa. Msiseme "gharama ya mapinduzi" mkiwa hamjui jina la hata mmoja aliyelipa.

Lawama si yenu peke yenu. Sisi watu wazima tumewalea katika dunia ambayo kesi ya mwizi wa kuku inaisha kwa wiki na ya mwizi wa hazina inaahirishwa hadi mashahidi wafe. Ukiona hivyo tangu utotoni, risasi inaanza kufanana na haki. Tumewafundisha historia kwa tarehe za nani alipinduliwa na nani akaingia, bila kuwaambia waliokuwa katikati walifanywa nini. Hilo naliona, na linaniuma. Lakini haliwapi ruhusa ya kupiga makofi.

Ninawapenda, ndiyo maana nafoka. Basi tukikutana tena kubishana, kila mmoja aje na jina moja kati ya wale 60, aniambie alishtakiwa kwa kosa gani, mbele ya hakimu yupi, na alijitetea vipi. Kahawa nitatoa mimi.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu