Malalamiko kuhusu pawasaplai ya SFX mliyoniletea

Kwenu kitengo cha huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Naandika nikiwa nimekasirika na sifichi, maana nimeshaongea na mhudumu wenu kwenye chati na jibu alilonipa ndo limenifanya niandike kabisa.

Niliagiza pawasaplai ndogo, yaani kifaa cha kulisha umeme, ya kompyuta ninayoiunga kwenye kesi ndogo. Ukurasa wenu umeandika SFX, yaani saizi maalumu ya pawasaplai ndogo, wati 450, basi. Anayejua hivi vitu akisoma SFX anaelewa upana milimita 125, kimo 63.5, kina 100, na kesi yangu nafasi yake ni hiyohiyo 100. Mzigo umefika, nafungua, napima na rula, kina 130. Hiyo ni SFX-L jamani, saizi nyingine kabisa! Tundu za skrubu zinakaa sawa ila kwa ndani soketi za nyaya zimebanana na kadi ya grafiki, waya wa pini 24 hauchomeki hata ukiukunja vipi. Kwenye kesi kubwa milimita 30 si kitu, kwenye hizi ndogo ndo kila kitu.

Nikamweleza mhudumu, akaniambia nichukue nyaya fupi za pawasaplai nyingine yoyote ya modula, yaani ambayo nyaya zake zinachomoka, nichomeke, eti zote zinaingiliana. Hapo naomba mnisikilize vizuri. Upande wa madabodi (bodi kuu ya kompyuta) na diski pini zina mpangilio mmoja, lakini upande wa pawasaplai kila kampuni inapanga inavyotaka, plagi inaweza kuingia vizuri ikabana kabisa na bado volti 12 zikaenda kwenye njia ya volti 5, unawasha tu diski imekufa na data zako zote humo. Hata kampuni ileile, modeli na modeli zinaweza kutofautiana. Mteja asiyejua angemwamini akachomeka, na hasara angebeba yeye. Hilo limeniuma kuliko hata saizi.

Halafu stika ya ubavuni. Njia ya 12V ni ampea 30, zidisha unapata wati 360, zinazobaki mmezijazia kwa njia za volti 3.3 na 5 ambazo kompyuta za siku hizi hazizitumii sana, prosesa na kadi ya grafiki zote zinakula 12. Namba hiyo ya ampea ndo mnunuzi anaitafuta kwanza na kwenye ukurasa haipo, kilichopo ni nembo ya 80 PLUS Bronze imekuzwa, na hiyo inahusu umeme unaopotea kama joto, haimwambii mtu kadi yake itatosheka au la.

Kwa hiyo nataka hela yangu yote irudi na usafiri wa kurudisha mlipe nyie, au mnitumie SFX ya kina 100 kweli. Ukurasa uandikwe kina kwa milimita, ampea za 12V na urefu wa kila waya. Na huyo mhudumu aelekezwe leo, msisubiri diski ya mtu iungue.

Pawasaplai haijawashwa, iko kwenye boksi lake. Picha za rula na za stika nimeambatisha. Nijibuni kwa maandishi ndani ya siku 7, simu sitaki.

Mteja wenu