Malindi imesahauliwa kwenye vita vya kubuni

Mhariri,

Nimeisoma kwa hamu hadithi ya historia mbadala mliyochapisha, ile inayodhani kwamba mwaka 1589 Waturuki waliwashinda Wareno hapa Mombasa, kisha madola hayo mawili yakaigombania miji ya pwani kwa miaka mia. Mtunzi ana kipaji, na nimefurahi kuona kijana wetu akiipa kalamu yake Pate, Lamu na Kilwa. Lakini kuna jambo limenikera. Tangu mwanzo hadi mwisho, miji yenyewe haifungui mdomo. Sultani yuko Istanbul anaamua, mfalme wa Ureno anaamua, na Mombasa imekaa kama shehena gatini ikisubiri mwenye kuibeba.

Haikuwa hivyo. Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, alipokuja safari ya kwanza, miaka ya 1585 na 1586, hakuwa na jeshi la kutisha hata kidogo. Nguvu alipewa na wenyeji. Mji baada ya mji ulimpokea, kuanzia Mogadishu kuja kusini, kwa sababu watu walikuwa wamechoshwa na Wareno. Mombasa ilikuwa imechomwa 1505, ikachomwa tena 1528. Na waliomkaribisha Mturuki walijua wanachokihatarisha. Mwaka 1587 manowari za Wareno zilikuja kutoka Goa, makao yao huko India, kulipiza kisasi, na Faza, mji wa kisiwa cha Pate, ndiyo iliyoona makubwa: watu waliuawa, mji ukateketezwa, minazi ikakatwa. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa maana ya minazi kukatwa. Ni paa, ni kamba, ni mafuta, ni tui, na mche unaopandwa leo utangojwa miaka kabla ya kuzaa. Hadithi yenu haikuitaja Faza hata kwa jina.

Malindi nayo imetajwa mara moja, tena kama kijiji cha wavuvi! Hapo ndipo nilipoweka gazeti chini. Tangu Vasco da Gama apewe rubani wa kumfikisha Calicut, India, mwaka 1498, Malindi ilishikamana na Wareno karibu karne nzima. Haikuwa mapenzi. Mombasa ilikuwa jirani mwenye nguvu kuliko yeye, na mtawala wa Malindi aliona rafiki mwenye mizinga atamfaa. Mir Ali Bey aliporudi na merikebu tano, ni mizinga ya Malindi iliyomfukuza, ndipo akaja kujichimbia Mombasa.

Na huko Mombasa, Mir Ali Bey hakushindwa na Mreno peke yake. Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini upande wa Zambezi, walikuwa wamefika ng'ambo, upande wa bara, wakitaka kuvuka Makupa kuingia kisiwani. Pale yanapopita malori ya Nairobi leo, ndipo Waturuki walipolazimika kuweka merikebu za kulinda kivuko, huku meli za Tomé de Sousa Coutinho, kamanda wa Wareno, zikiingia kutoka baharini. Walibanwa pande mbili. Wareno waliziteka merikebu hizo, kisha wakawaruhusu Wazimba wavuke. Watu walikimbilia majini kuwaepuka, na Mir Ali Bey mwenyewe akaishia mikononi mwa Wareno, akapelekwa Lisbon. Wazimba wakaendelea hadi Malindi, na huko wakavunjwa na Wasegeju, kabila la pwani hii. Baada ya muda mfupi Wasegeju hao hao waliitwaa Mombasa, na mtawala wa Malindi akahamia kwenye kiti cha hasimu wake wa siku nyingi. Ujenzi wa Fort Jesus ulianza 1593, yeye akiwa tayari ameshakalia mji.

Sasa mtunzi akitaka kubadilisha historia, abadilishe pale Makupa. Wazimba wasivuke. Basi ukoo wa Malindi hauhamii Mombasa. Yusuf bin Hasan, mrithi wa ukoo huo, hachukuliwi utotoni kupelekwa Goa, habatizwi Dom Jerónimo, na mwaka 1631 hakuna sultani wa kuwageuka Wareno ndani ya ngome yao. Hayo ni mabadiliko makubwa kuliko vita vyote vya manowari vilivyomo kwenye hadithi ile.

Ama kuhusu Waturuki kutawala hadi Sofala kwa nguvu zao, siafiki. Hadi 1590 walikuwa vitani na Iran. Suez, walikoundia merikebu zao, haikuwa na miti. Mbao za kuundia merikebu zilisafirishwa kutoka upande wa Mediterania. Na kila chombo kilifuata kusi na kaskazi, hivyo barua ya kuomba msaada ingekaa miezi kabla ya kujibiwa. Wangeishi hapa kwa ridhaa ya wenyeji: boriti zetu, maji yetu, marubani wetu, nafaka ya mashamba ya bara. Mombasa wangedai nini kwa hayo? Pate wangekubali mkubwa awe Mombasa? Wafanyabiashara wa Kigujarati, waliokuwa wakileta vitambaa na kuondoka na pembe, wangeegemea wapi? Maswali haya ndiyo hadithi yenyewe.

Nimesikia kuna sehemu ya pili inakuja. Namsihi mtunzi aianzie barazani kwa mtawala wa Malindi, merikebu tano zikiwa zimeonekana nje, na wazee wake hawajakubaliana kama mizinga ipigwe au isipigwe. Vitabu vyangu viko wazi kwake akivihitaji.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Mombasa