Makaa ya pumba hayaui vijidudu

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka mingi bila kukuandikia hata mstari. Habari ile ya vijana wanaochoma pumba za mpunga na kuchujia maji ya ziwa imenishinda kuinyamazia. Picha ya glasi mbili, moja ya njano na nyingine nyeupe, ilivutia, lakini maelezo chini yake yalisema maji hayo sasa ni salama kunywa. Nani aliyapima?

Nimestaafu kutoka maabara ya maji na vijana hao siwapingi. Pumba zikichomwa kwa kubaniwa hewa, kwenye joto la nyuzi 500 hadi 700 hivi, hutoa makaa yenye vitundu visivyohesabika, na vitundu hivyo hunasa uozo wa majani na mwani ulioyeyuka majini. Uozo huo ndio unaoyapa maji rangi ya chai na harufu ya tope. Ndio pia unaomaliza nguvu ya klorini kabla haijaua kijidudu, na klorini ikikutana nao huzaliwa klorofomu na jamaa zake, yaani kemikali zenye madhara, jambo ambalo Mholanzi Johannes Rook alilichapisha mwaka 1974. Kwa hiyo makaa hutangulia, klorini hufuata. Mwandishi wenu alipata nafasi ya kueleza jinsi vijana walivyokutana chuoni, ila hilo hakuliandika.

Jirani yangu, mama mtu mzima anayelea wajukuu, aliikata habari hiyo akaibandika jikoni. Pumba hana, akaponda mkaa wa kupikia, akautandaza kwenye ndoo juu ya mchanga, akaanza kuchuja. Dawa ya maji aliyokuwa akitumia siku zote akaiacha, maana gazeti limeshasema. Maji yalitoka meupe pe! Mjukuu wake mdogo akaharisha na kutapika hadi akatundikiwa dripu usiku zahanati. Maji ya ndoo ile niliyapeleka kwa wenzangu wa zamani wakayaotesha kwenye sahani za maabara kuona vijidudu vitakavyoota, na bakteria wa kinyesi wakajaa sahani. Nilipokwenda kumpa pole aliniuliza, "Baba Neema, mbona yalikuwa meupe?" Hasira ilinizuia kumjibu, na hasira hiyo haikuwa juu yake. Mama huyu alifanya alichosoma. Hakuna aliyemwambia kuwa weupe wa maji hauonyeshi kilichokufa wala kilicho hai, kwamba makaa yaliyochomwa nusunusu huyaongezea maji uchafu badala ya kuyapunguzia, wala kwamba vitundu vikishajaa, makaa hayanasi tena kitu.

Na pumba zenyewe mmeziona zilivyorundikwa nje ya mashine za kukobolea huku kwetu Magu? Karibu sehemu moja ya tano ya uzito wa mpunga ni pumba. Zinatiwa moto kando ya barabara, zinafuka usiku kucha, watoto wanakohoa, na ofisi husika inasema ni suala la kijiji huku kijiji kikisema ni suala la halmashauri. Kila mashine ingedaiwa tanuri moja la pipa lenye mfuniko, moshi ungepungua na makaa yangepatikana. Badala yake tunakata miti.

Ninachoomba ni hiki. Chapisheni kisanduku ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, toleo la Jumamosi, kwa sababu gazeti la Jumamosi ndilo linalofungiwa maandazi hapa na hufika hata nyumba zisizonunua gazeti. Kiseme kwamba maji yachujwe kwanza kwa makaa, kisha yatiwe klorini na kuachwa nusu saa, au yachemshwe hadi yatokote. Kiseme kwamba makaa ya pumba si mkaa wa jikoni, na kwamba harufu ya tope ikirudi yamwagwe, yawekwe mapya. Mkikosa nafasi, ondoeni tangazo la mganga lililo pembeni.

Mstaafu wa maabara ya maji,
Magu, Mwanza