Barua ya malalamiko kuhusu vizito vya mazoezi visivyolingana na uzito ulioandikwa

S.L.P. Tanga

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: VIZITO VYA KUFUNGA MIGUUNI NA MIKONONI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Niliagiza kwenu seti ya vizito vya mazoezi: jozi ya miguuni iliyoandikwa kilo 2 kila kimoja, na jozi ya mikononi iliyoandikwa kilo 1 kila kimoja. Nililipa fedha yote kwa simu kabla ya kupokea, na mzigo ukaja kwa basi hadi stendi ya Kange. Nimeshazungumza na vijana wenu wa huduma kwa simu na kwa ujumbe. Jibu lao la mwisho ni kwamba bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi. Jibu hilo silikubali, ndiyo maana naleta malalamiko haya kwako kwa maandishi.

Mimi ni mtu wa karate, mtindo wa Goju-ryu. Dojo yangu, yaani ukumbi wa mazoezi, iko Dar es Salaam, lakini tangu nihamishiwe Tanga kikazi nafanya mazoezi nyumbani alfajiri, peke yangu. Dojoni mwalimu anakuona. Goti likienda ndani anakugonga na ufito, bega likipanda anakushusha. Anayefanya peke yake hana jicho hilo. Anachokitegemea ni namba iliyoandikwa kwenye kifaa na maelekezo yaliyomo ndani ya boksi. Ninyi mmekosea vyote viwili.

Naanza na namba. Nilipovaa vizito vya miguuni na kuinua goti taratibu, kulia kisha kushoto, nilihisi miguu haiko sawa. Nikavipeleka kwenye duka la nafaka Ngamiani, kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Kimoja kilisoma kilo 1.9. Cha pili kilisoma kilo 1.55. Vya mikononi vilisoma gramu 950 na gramu 800. Mwenye duka alivirudia mbele yangu, na picha za mizani nimeziambatanisha.

Kijana wenu aliniambia kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Kwenye gunia la mahindi ingekuwa ndogo kweli. Kwenye kifundo cha mguu, gramu 350 si kidogo, kwa sababu uzito umekaa mwisho kabisa wa mguu, mbali na nyonga, na nyonga ndiyo inayoubeba. Mtu akifanya mazoezi hayo kila siku upande mmoja ukiwa mzito kuliko mwingine, anaufundisha mwili kusimama upande. Katika Sanchin, kata (mfululizo wa miendo iliyopangwa) ambayo sisi wa Goju-ryu tunairudia maisha yetu yote, kazi kubwa ni kusimama imara, pumzi na misuli vikienda pamoja. Ukianza na miguu isiyolingana umeshaiharibu kabla hujavuta pumzi ya kwanza.

Sasa maelekezo. Ndani ya boksi mna karatasi ya Kiingereza na Kichina, Kiswahili hamna hata mstari. Picha yake kubwa inaonyesha kijana amevaa vizito miguuni akipiga teke la mbele kwa nguvu, mguu umenyooka kabisa. Na tangazo lenu, ambalo hilo mmeliandika kwa Kiswahili, linasema: piga mateke kwa kasi yako yote ukiwa na uzito, ukivua utakuwa mwepesi maradufu.

Ndugu Meneja, ushauri huo ni hatari. Katika mae-geri, yaani teke la mbele, goti linapanda kwanza, kisha mguu wa chini unafyatuka. Mwisho wa teke, misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayofunga breki ili goti lisivuke mpaka wake. Ukiongeza karibu kilo 2 kwenye kifundo halafu ukapiga hewani kwa kasi, hakuna cha kuuzuia mguu isipokuwa misuli hiyo na mishipa ya goti. Mkononi ni hivyo hivyo, kiwiko ndicho kinachoumia. Goti la kijana likiharibika namna hii, tangazo lenu halitamlipia hospitali.

Tena msidhani kwamba mabingwa ndivyo wanavyofanya. Karate ya Okinawa, alikotoka Chojun Miyagi aliyeasisi Goju-ryu, ina vifaa vyake vya uzito: chi-ishi, jiwe lililotiwa mpini, nigiri-game, mitungi inayobebwa kwa kuibana midomo yake kwa vidole, na tetsu-geta, kandambili za chuma. Mitungi ile unatembea nayo taratibu, hatua kwa hatua, na kandambili zile unazibana kwa vidole vya miguu huku ukiinua mguu kwa utulivu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyokusudia kuvitumia vizito vyenu: kuinua goti na kulishikilia juu, kushuka kwenye shiko-dachi, mkao wa miguu iliyopanuliwa na magoti yaliyokunjwa, kupita Seiyunchin polepole, kata ambayo haina teke hata moja. Kasi naifanya baada ya kuvua. Nayasema haya kwa sababu kijana wenu alidai kwamba nimevitumia vibaya. Kama kuna matumizi mabaya, yako kwenye picha ya karatasi yenu.

Pamoja na utaratibu huo, kizito cha kulia kimeharibika. Mkanda wa kunata umeshonwa kwa mstari mmoja tu wa uzi, na pete ya kupitishia mkanda ni ya plastiki. Nilikuwa nimeshikilia goti juu, pete ikapasuka, kizito kikadondoka sentimita chache kutoka kwenye mguu niliosimamia. Kilipoanguka mshono wa ndani ulifumuka na chengachenga za chuma zikamwagika sakafuni. Nyingine zilikuwa zimeshaanza kutu kwa jasho, na soksi yangu ina doa la kahawia ambalo halitoki. Nina mtoto mdogo anayetambaa kwenye sakafu hiyo hiyo. Ilibidi nizikusanye kwa sumaku, kigae kwa kigae, kabla hajaamka.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mnirudishie fedha yangu yote pamoja na gharama ya kusafirisha mzigo, na kuvirudisha Dar es Salaam iwe juu yenu. Mliondoe tangazo la mateke ya kasi, na kila boksi litoke na maelekezo ya Kiswahili yanayosema wazi kwamba vizito hivi ni vya mwendo wa taratibu. Na mpime mzigo mlio nao stoo, kisha muwajulishe wote waliouziwa vizito pungufu. Kwangu hilo la mwisho lina uzito kuliko fedha yangu, maana wengi wanaonunua vifaa hivi ni vijana wanaojifunza kwa video, wala hawana mwalimu wa kuwauliza.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, suala la uzito nitalifikisha Wakala wa Vipimo, na la tangazo nitalipeleka Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Nimeambatanisha nakala ya risiti ya EFD, picha za mizani, za pete iliyopasuka na za karatasi ya maelekezo. Vizito vyenyewe nimevihifadhi ndani ya boksi lake pamoja na chengachenga zilizomwagika, tayari kwa ukaguzi.

Wenu,
Mteja, Tanga